Ukurasa wa Kwanza wa Ripoti ya Vyoo

Ukurasa ule niliuandika mimi, na mpaka leo sijauombea radhi. Wapo wenzangu walioniambia usoni kwamba nimewauza. Wapo walionyamaza, na mimi kimya cha watu hunitesa kuliko matusi. Huenda wana haki. Si mtu wa kujiamini mimi. Mchuzi nikiutia chumvi huuonja, nikauonja tena, na bado nitamuuliza mtoto kama umekolea. Lakini kwa ukurasa ule nimejiuliza kila namna ya kujiuliza, na kila mara jibu linakuja lile lile: singeuandika vingine.

Nianze na kazi yenyewe. Miritini, kwenye vumbi la malori, pale madereva wanapongoja kuitwa bandarini, kuna vyoo na mabafu ya kulipia. Jengo ni la matofali. Lina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na katikati, juu ya mnara wa vyuma, kuna tangi moja la maji. Shirika moja la hisani ndilo lililolijenga, likakipa kikundi chetu kiliendeshe kama biashara: tutoze ada, tulipe maji na usafi, kinachobaki tugawane. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba wanawake wapate mahali pao, kwa kuwa pale njiani wanaume hawakosi pa kujisaidia, hata nyuma ya gurudumu.

Kikundi chenyewe ni cha akina mama wa Miritini na Mikindani, Waislamu kwa Wakristo. Wengi wetu asili yetu ni Kaloleni na Rabai, wengine ni watu wa bara waliofuata waume zao kwenye kazi za bandari na viwanda. Mimi nilichaguliwa mwandishi kwa sababu nilimaliza darasa la nane na kwa sababu, walisema, nina ugonjwa wa kuandika andika. Ninao kweli. Tangu usichana huandika mambo ya siku, ya maana na ya upuuzi, nani alipita, nani alinuna. Lakini kujiandikia mwenyewe hakuna atakayekuuliza. Ripoti ya biashara ya kusomwa na bodi ya shirika nilikuwa sijawahi kuiona hata kwa macho.

Afisa wa shirika alikuja kutuambia habari za ripoti hiyo asubuhi moja, akakuta nimekaa langoni na kopo la ada. Alikuwa kijana wa bara, mpole, viatu vyake vikiteseka kwa vumbi letu.

"Mama, muda wa majaribio umeisha," akasema. "Bodi itakaa karibuni iamue kama mtaendelea ama jengo lipewe mtu binafsi. Kuna mwenye kampuni ya usafi ameshaulizia."

Niliweka kopo chini. "Na sisi je?"

"Nyinyi mnaandika ripoti. Mnaeleza vile biashara imeenda. Na ukurasa wa kwanza wa hiyo ripoti ndio kila kitu. Unaitwa muhtasari. Wakubwa wako na ripoti nyingi, mama. Nikuambie ukweli, wengi husoma huo peke yake."

"Na kurasa nyingine?"

"Ziko hapo wakitaka kuhakikisha kitu."

"Wasipotaka?"

Akacheka, akapangusa kiatu kwa karatasi. "Basi ziko tu."

Alinieleza muhtasari ulivyo, na lazima niseme alinieleza vizuri, kwa subira, wala hakunifanya nijione mjinga. Sema kwanza biashara ni ya nini, mtu asiyewahi kufika Miritini aelewe. Sema imeendaje. Sema shida iko wapi. Halafu sema mnataka nini, waziwazi, usimwachie msomaji akutafutie hoja. Na uuandike mwisho, ripoti yote ikishakamilika, maana huwezi kufupisha jambo ambalo bado hulijui. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Alipoondoka nikafanya kinyume: nikaanza na muhtasari. Uoga ndio ulionituma. Nilitaka lile lililokuwa likinitisha liishe kwanza.

Jaribio la kwanza la ukurasa ule niliandika nikiwa nimekaa na mwenyekiti wetu. Huyu ni bibi wa Mombasa hasa, mtu wa ukoo wa zamani, aliyeolewa Changamwe na mwishowe akahamia Mikindani kwa mwanawe. Kiswahili chake ukikisikia unajiona wewe unabwabwaja tu.

"Shikamoo, bibi. Nimeandika hivi: Sisi ni kikundi kinachoendesha vyoo..."

"Marahaba. Ngoja, ngoja. Salamu zi wapi?"

"Afisa amesema tuanze na jambo lenyewe."

"Hebu nisikiza, mwanangu. Waingia kwa watu bila hodi? Hata mwenye deni hubisha. Andika salamu."

Nikaandika salamu. Tukawasalimu wakuu wote wa bodi na familia zao. Tukamshukuru Mungu, tukamshukuru chifu, mchungaji, maalimu, na yule mzee aliyetupa mchanga wa kusawazishia lango. Tukamkumbuka mwenzetu aliyefariki mwaka jana, tukamwombea. Bibi alikuwa akisema, mimi nikiandika, na wallahi yalikuwa maneno mazuri. Ukiyasoma unahisi umepewa kiti na maji ya kunywa. Karatasi ilipokuwa inaisha tukaongeza kwamba ile huduma inaendelea vyema kwa uwezo wake Mola.

Afisa aliisoma akiwa amesimama kivulini mwa jengo. Aliisoma yote. Halafu akaigeuza aone nyuma.

"Bibi, nimesoma mpaka mwisho. Hii biashara ni ya nini?"

"Hujui?" mwenyekiti akamwuliza. "Si nyinyi mlojenga?"

"Mimi najua, bibi. Karatasi ndiyo haijui. Neno choo haliko."

"Watu wazima wanywa chai yao mezani, wewe wataka niwatilie choo ndani ya kikombe?"

Mweka hazina wetu, mwanamke wa bara mwenye ulimi mkali, alikuwa akihesabu sabuni mlangoni. "Kwani walipoleta masinki walidhani wanajenga kanisa?" akauliza. Tukacheka wote, hata bibi, ingawa yeye alicheka kwa kufunika mdomo kwa ncha ya leso.

Lakini hakukubali upesi, na nadhani si haki kumcheka. Alieleza maana yake. Alisema jambo kubwa halitajwi mlangoni. Walipokuja watu kumposa yeye, walizungumza habari za mvua, za mnazi ulioangukia ua, za mgonjwa wa Jomvu, na jina lake halikutajwa mpaka kahawa ya pili. Hivyo ndivyo mtu huonyesha kwamba hakuja kunyakua. Anayesema shida yake kabla hajakaa, huyo ni mtu anayedharau nyumba.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, pole pole, "Bibi, ni kweli. Lakini hawa watu hawana kahawa ya pili. Hata ya kwanza wanakunywa wakitembea."

Mwishowe tulipatana. Ripoti hupelekwa pamoja na barua, na barua inaruhusiwa salamu. Zile salamu zote, chifu, mchungaji, maalimu, mzee wa mchanga na marehemu wetu, zikahamia kwenye barua, na bibi akaipigia mhuri wa kikundi mwenyewe. Ukurasa wa kwanza wa ripoti ukabaki mweupe, kwa ajili ya jambo lenyewe.

Baada ya hapo nilifanya kama nilivyoambiwa. Tuliandika ripoti nzima kwanza, mimi na mweka hazina, yeye hesabu, mimi maelezo. Tulieleza wateja, maji, sabuni, dawa ya kusafishia, siku ambazo mfereji ulikauka tukanunua maji ya mkokoteni. Kwenye sura ya maji, huko ndani kabisa, ukurasa wa tisa, iliandikwa pia kwamba kwa kupungua maji upande wa wanawake "haujatumika kwa kipindi." Mweka hazina ndiye aliyetunga maneno hayo, mimi nikayanakili kama yalivyo.

Kisha nikaandika muhtasari. Safari hii ulitoka vizuri, au niliona umetoka vizuri. Ulisema sisi ni nani na tunaendesha nini. Ulisema madereva wanatujua kuanzia Miritini mpaka Mariakani. Ulisema jengo lina upande wa wanaume na upande wa wanawake. Ulisema tunaomba tuendelee kuliendesha. Nilitaka kujua kama unaeleweka, kwa hiyo nilimsomea dereva mmoja aliyekuwa akingoja zamu ya bafu, taulo begani, sabuni mkononi. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kukupendeza.

Alisikiliza, akasema, "Ni sawa. Lakini mama, kama mna pande mbili, mbona ule pale uko na kufuli?"

Nikasema, "Maji."

"Hapo hukusema maji. Umesema tu mna pande mbili." Zamu yake ikafika, akaingia zake kuoga.

Nilibaki na karatasi. Kufuli lile nililiona kila siku. Nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyozoea msumari uliotokeza ukutani. Ilikuwa hivi. Tangi ni moja. Pande zote mbili zikifunguliwa, kufika adhuhuri maji yamekwisha. Wanaolipa zaidi ni madereva. Wanawake wanaokuja ni wachache, na wakija hutumia maji mengi, wanaosha watoto, wanafua kitambaa, wanakaa. Kwa hiyo kikundi kilikutana, kikapiga kura, kikaufunga upande wa wanawake mpaka maji yakae sawa. Maji hayakukaa sawa. Mimi siku ya kura sikuwepo, nilikuwa matangani Kaloleni. Lakini nisijitie utakatifu: ningekuwepo, ningeinua mkono kama wenzangu. Ada ile ndiyo iliyolisha nyumba zetu.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, hukaa mwanamke anayeuza muhogo wa kukaanga. Alikuwa mteja wetu kabla ya kufuli. Jioni ile nilipokwenda kununua muhogo nilimwuliza, kama mtu anayeuliza habari za jua, siku hizi anafanyaje.

"Sinywi maji," akasema. Aligeuza vipande kwenye mafuta. "Nikitoka nyumbani sinywi mpaka nirudi. Nimezoea. Nikutilie pilipili?"

Hakunilaumu. Angenilaumu labda ningejitetea, tungezozana, yakaisha. Alinitilia pilipili na ndimu na kuniongezea kipande.

Nilirudi nikausoma tena muhtasari wangu, na nikaona kitu ambacho mpaka leo najaribu kukisema sawasawa. Hapakuwa na uongo ndani yake. Sentensi kwa sentensi, ungeweza kuniapisha. Jengo lina pande mbili: kweli, zimesimama pale, zina kuta. Lakini ukiumaliza ukurasa wote, picha unayobaki nayo kichwani ni ya mahali ambapo mwanamke anaingia, na mahali hapo hapakuwepo. Kila neno lilikuwa la kweli na ukurasa ulikuwa wa uongo.

Kwa hiyo niliuchana. Nikaandika mwingine, na sehemu ya shida ikasomeka hivi: "Upande wa wanawake umefungwa. Tumeufunga sisi wenyewe, kwa sababu tangi ni moja na maji hayatoshi pande mbili. Tunajua tumevunja sharti. Tunaomba tuendelee kuliendesha jengo, na tunaomba tangi la pili, ili tuufungue."

Kikundi kilikutana Jumapili, watu walipotoka kanisani, kwenye mabenchi nyuma ya jengo. Niliusoma ukurasa kwa sauti. Nilipofika kwenye "tumeufunga sisi wenyewe" mtu mmoja akasema "Yesu wangu!" kama aliyemwagikiwa maji ya moto.

Mweka hazina alisimama. "Wewe mama, una akili kweli? Liko kwenye ukurasa wa tisa! Hatujaficha!"

"Liko," nikasema. "Lakini tumeambiwa hawafiki ukurasa wa tisa."

"Hiyo ni shida yao. Nani aliwakataza kusoma?"

"Ni kweli ni shida yao. Lakini sisi tunajua hawafiki, ndiyo maana tumeliweka huko. Wewe ungeliweka huko kama ungejua watafika?"

Alinijibu jingine, na ni haki niliandike lote, kwa sababu lilikuwa na uzito. Alisema: "Sasa nikuulize na mimi. Wakisoma hivyo wanatunyang'anya. Anakuja huyo mwenye kampuni. Unadhani yeye atafungua upande wa wanawake? Huyo maji yakipungua atafunga hata wa wanaume! Tutakuwa tumekosa kazi, na huyo muuza muhogo wako bado hana choo. Utakuwa umemsaidia nani? Utakuwa umejisaidia wewe tu, ulale vizuri."

Watu wakaguna. Hoja yake sijaivunja mpaka leo. Ningeweza kujifanya nilisema neno la kuwanyamazisha, lakini sikusema. Nilisema tu, "Mimi sitauandika ule mwingine. Mkitaka, chagueni mwandishi mwingine, nitampa kalamu hapa hapa na sitanuna."

"Utanuna!" mtu akasema nyuma, na watu wakacheka kidogo. Ni kweli, ningenuna.

Mwenyekiti alikuwa amekaa, mkono kwenye shavu. Nilidhani angekuwa upande wao, maana yeye ndiye mtu wa kusitiri mambo. Akainua kichwa.

"Mimi nalitaka salamu mbele," akasema. "Mkanikataa. Mkaniambia, bibi, mbele ni pa jambo lenyewe. Nikanyamaa, nikasema hwenda watoto wajua. Sasa jambo lenyewe laja mbele, mwalitupa nyuma? Basi nirudishieni salamu zangu."

"Ni aibu, bibi," mweka hazina akasema, sauti imeshuka.

"Ni aibu ndiyo. Nani alokwambia si aibu? Wanawake wamewafungia wanawake choo. Sasa hiyo aibu yetu wataka mtu aikute mwenyewe, ama umwambie wewe?"

Waliokubali walizidi kidogo tu waliokataa. Mweka hazina alikuwa wa waliokataa. Alinisogelea tulipokuwa tunarudisha mabenchi. "Haya, umeshinda. Lakini siku ya bodi utasimama wewe. Usinitume mimi."

"Nitasimama."

"Na usilie."

"Hilo siwezi kuahidi."

Afisa alikuja kuchukua ripoti akaichapishe. Alisoma ukurasa ule wote. "Mama," akasema, "mimi singekushauri hivi." Akasema labda tunaweza kulainisha. Akanipa mfano: kumekuwa na changamoto za kiutendaji katika matumizi ya sehemu moja ya jengo.

"Mtu akisoma hayo atajua kuna mlango una kufuli?"

Akafikiri. "Akitaka kujua, ataulizia."

"Ulisema hawana kahawa ya pili."

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nilingoja anikasirikie, hakunikasirikia. Alikwenda kuuchapisha, na ulipotoka niliukagua neno kwa neno kwa kidole, nikitegemea kukuta ameulainisha. Hakuwa amegusa hata koma. Nasema hili kwa sababu baadaye wako waliosema yeye ndiye aliyetuponza. Si kweli.

Siku ya bodi tuliingia mimi na mwenyekiti kwenye chumba chenye baridi ya mashine, meza ndefu, chupa za maji mbele ya kila mtu. Nilizitazama zile chupa sana. Mkubwa wao, mama wa makamo mwenye miwani, aliichukua ripoti yetu, akaweka barua ya salamu pembeni bila kuifungua. Nilimwona bibi akiifuata ile barua kwa macho mpaka ilipotua. Kisha yule mama akasoma ukurasa wa kwanza. Akausoma tena. Nikajua ameshafika pale penye kufuli.

"Mnasema hapa mmefunga upande wa wanawake."

"Ndiyo."

"Nyinyi ni kikundi cha wanawake."

"Ndiyo."

"Na hamkuona haya?"

"Tuliona," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, ya mtoto. "Ndiyo sababu tumeiweka mbele."

Bwana mmoja upande wa pili alikuwa akipekua kurasa za ndani, akafika ukurasa wa tisa, akasoma maneno ya mweka hazina. "Hapa imeandikwa tu kwamba haujatumika kwa kipindi. Mngeacha hivi tusingejua," akasema, na sikuelewa kama ananisifu au ananicheka. "Vikundi vingine vyote tulivyovipa majengo vimeleta ripoti nzuri. Hakuna kilicholeta habari ya kufunga kitu."

"Za wengine sijazisoma, bwana, siwezi kuzisema vibaya. Huenda kwao mambo ni mazuri kweli." Hapo ningenyamaza. Mama yangu angetaka ninyamaze. Lakini nilikuwa nimeshatetemeka vya kutosha, na mtu akitetemeka sana hufika mahali mtetemeko wenyewe unamchosha. "Lakini sisi mlitwambia mnasoma ukurasa mmoja. Basi tumewawekea hapo kile ambacho hamkutaka kukikuta. Mkitaka kutunyang'anya, mtunyang'anye kwa hicho. Msituachie kwa ule mwingine niliouchana."

Bibi alinibana mkono chini ya meza. Sikujua kama ananituliza au ananipongeza, na hata nje alikataa kusema.

Majibu yalikuja kwa barua. Vikundi vile vingine vilipewa miaka ya kuendelea. Sisi tulipewa muda mfupi tu, kama mgonjwa anayeambiwa arudi aangaliwe tena. Jengo halikuchukuliwa. Upande wa wanawake ufunguliwe mara moja, tangi au hakuna tangi. Ombi la tangi la pili "litaangaliwa."

Mweka hazina aliisoma barua akanirudishia. "Wenzako wamepewa miaka," akasema, na kwa siku nyingi hilo ndilo neno pekee nililopata kwake. Nilizipiga hesabu zake kichwani tena na tena, na sikuona alipokosea. Kama ningeandika ule mwingine, huenda tungekuwa tumelala bila wasiwasi. Huenda hata tangi lingekuja haraka, maana watu hupenda kumwongezea anayefanya vizuri. Niliwaza hivyo nikifagia, nikawaza hivyo nikikaa langoni. Nikimaliza kuwaza, nauona ule ukurasa wenye pande mbili na kuta zake na hakuna kufuli, na mkono wangu unakataa, kama unavyokataa kutia kidole kwenye mafuta ya moto.

Tangi la pili halijaja. Kufuli tumelitoa, na adhuhuri maji hukatika, kama ilivyokuwa mwanzo. Juzi dereva mmoja alitoka bafuni na povu kichwani, akitukana, akakuta upande wa pili mama mmoja anamwosha mtoto.

"Kumbe maji yote yanaenda huku!" akapiga kelele. "Fungeni huo mlango! Hapa ni pa madereva!"

"Ni pa wote," nikasema. "Kuna ndoo moja imebaki, ya mkokoteni. Kitakachobaki ni chako. Lakini ngoja yule mama amalize."

"Nyinyi mkiendelea hivi mtafungiwa hii kazi. Utaniambia."

"Huenda," nikamwambia. "Jipange hapo nyuma yake."

Akajipanga, anapangusa povu machoni kwa mkono, ananung'unika. Nilimwacha anung'unike. Mtoto alikuwa bado na sabuni mgongoni.